Famau na Mgeni Aliyefunikwa Shuka

Hapo zamani, katika mji wa Ungamaji, mbuzi mmoja aliingia chuoni akala kofia ya mtoto wa Waziri. Habari ikafika kwa Sultani Hamdani, naye akamwuliza waziri wake, Badawi, "Waona shauri gani?"

Waziri akajibu, "Mfalme wangu, laiti mwanangu angalikuwa na bastola, kofia ingalipona."

Sultani akaona hiyo ndiyo busara, akaamuru ipigwe mbiu: "Kila mwanafunzi wa chuo ana ruhusa kuchukua bastola, mradi imefichwa ndani ya nguo. Wala mtu asiulize kilichofichwa, wala asifunue. Atakayefunua atafungwa, awe nani awe nani."

Ikawa tangu siku ile chuo hakikuwa chuo tena. Wanafunzi wakashonesha kanzu pana kama mahema, na kila mmoja akawa na kivimbe kiunoni, wala hapana aliyejua mwenzake amebeba nini. Mwalimu wao, Mwinyikai, ambaye zamani sauti yake ilisikika hata sokoni, sasa akawa anasema kwa upole kama mkwe ugenini. Akiuliza, "Saba na nane ni ngapi?" mtoto wa Waziri hujibu, "Kumi," huku amejishika kiunoni, na Mwalimu husema, "Ahsante sana, bwana. Na iwe kumi."

Basi Sultani alipowaita wanafunzi barazani kuwajaribu, akakuta hapana ajuaye hata kuandika jina lake. Akaghadhibika mno, akamwambia Mwinyikai, "Umewaharibu watoto wetu! Mwezi ukiandama utatoka katika mji huu, wewe na mkeo na wanao, wala nisione hata kivuli chenu." Maskini Mwinyikai hakuweza kujitetea, kwa maana mtoto wa Waziri alikuwa amesimama nyuma yake, na kanzu imevimba.

Sasa Mwinyikai alikuwa na rafiki, jina lake Famau, fukara wa kutupwa, ambaye mali yake yote ilikuwa shuka moja na ulimi. Alipomkuta rafiki yake akifunga mizigo huku mkewe analia, Famau hakuketi. Akaenda moja kwa moja barazani, akapiga magoti, akasema, "Mfalme, uishi maisha marefu. Mwalimu hana kosa. Ameingiwa na hofu ya vitu vilivyofichwa."

Sultani akacheka. "Ewe Famau, kitu kisichoonekana chamtishaje mtu mzima? Mimi sijaona bastola hata moja katika chuo kile."

"Na hiyo ndiyo hofu yenyewe, Mfalme."

"Haya basi. Siku ya sherehe ya chuo nitakuja. Nitishe mimi kwa kitu nisichokiona. Nikiogopa, Mwinyikai atakaa. Nisipoogopa, utamfuata huko aendako, nawe ndiwe utakayembebea mizigo."

"Nimesikia na nimetii," akasema Famau.

Siku ilipofika, Sultani akaja kwa ngoma na zumari, na watu wote wa mji nyuma yake. Alipoingia ukumbini akaona safu ya mbele, mkabala na kiti chake, kitu kinene kimelazwa juu ya kitanda, kimefunikwa shuka gubigubi. Upande mmoja kimevikwa kilemba. Upande wa pili palikuwa na mdomo wa mviringo uliosukuma shuka, nao umeelekea katikati ya kiti cha enzi. Nyuma yake alikuwa ameketi Famau na chetezo cha udi, anapuliza makaa.

"Famau, ni nini hicho?"

"Mwanafunzi mgeni, Mfalme."

"Ni mzinga?"

"Mfalme wangu, sheria yakataza kuuliza kilichofichwa."

Sultani akatabasamu. "Hila tu. Nakujua." Akaketi. Kisha akasogeza kiti kuume kidogo. Famau akasema, "Kumradhi, mgeni wangu apenda sana kumtazama Mfalme," akakigeuza kitanda kuume. Sultani akasogea kushoto, na kitanda nacho kikaja kushoto.

Sultani akamwita akida wa askari, akamnong'oneza, "Mzinga wetu wa langoni upo?"

"Huenda upo, Mfalme. Tangu alfajiri umefunikwa jamvi, nasi kwa kuishika sheria hatukufunua."

Jasho likaanza kumtoka Sultani. "Badawi," akasema, "njoo ukae wewe katika kiti changu."

"Ah, Mfalme wangu, mimi ni nani hata nikalie kiti cha enzi?" akajibu Waziri, na wakati huo alikuwa amekwisha fika nyuma ya nguzo.

Famau akapuliza chetezo. Cheche ikaruka, ikaanguka karibu na shuka. Sultani akapiga yowe, akaruka nyuma ya akida. "Funua! Funua upesi!"

"Nani afunue, Mfalme? Atakayefunua atafungwa, awe nani awe nani. Nifungwe mimi, au wewe?"

Sultani akawatazama watu, na watu wakamtazama yeye. Famau akavuta pumzi tayari kupuliza tena.

"Sheria imefutwa!" akalia Sultani. "Tangu sasa asiingie chuoni mtu mwenye silaha, ya kuonekana wala ya kufichwa!"

"Na ipigwe mbiu kwanza," akasema Famau. Ikapigwa mbiu, ndipo akavuta shuka.

Palikuwa na kinu cha kutwangia, na ndani yake kisamvu kilichotwangwa nusu.

Sultani akakisogelea kinu, akachungulia ndani, akasema polepole, "Nilijua ni hila. Nilijua, na bado nimeogopa."

"Na Mwalimu Mwinyikai, Mfalme, hakujua hata hilo."

Basi wanafunzi wakaamriwa watoe vya viunoni mwao. Bastola zikapatikana chache kabisa. Vilivyosalia vilikuwa mihogo, miiko na pembe za ng'ombe. Mtoto wa Waziri alitoa kimto cha kulalia. Hapo Sultani akacheka hata machozi yakamtoka, akavua joho lake akamvika Famau, akamshika mkono Mwinyikai akamrudisha kwenye kiti chake cha ualimu.

Mara akaingia mama mmoja wa makamo, Bi Mwanashee, jirani yake Famau, mchi mkononi, anafoka: "Ni nani aliyechukua kinu changu na mboga ndani? Mume wangu yu nyumbani na wali mkavu!"

Famau akajikunyata ndani ya joho. Watu wote wakainamisha vichwa, na Sultani naye akainamisha chake, kwa maana mama yule alikuwa amekasirika kwelikweli.

"Waziri Badawi," akasema Sultani, "toka huko nyuma ya nguzo. Mbebee mama kinu chake mpaka nyumbani, upite sokoni. Wala usikifunike."