Kiwiko cha Nyamizi na Firigisi Moja

Tegeni masikio, midomo ifungeni kwanza. Nitaihitaji baadaye, na nawajua nyinyi, mtagombana.

Katika mji mmoja mdogo kando ya reli, huko Unyamwezini, waliishi watu watatu wenye vipawa. Mzee Mihambo alikuwa muunga mifupa, na kipawa chake kilikuwa vidoleni: akikushika mguu, anajua ulipovunjikia kabla hujamaliza kupiga yowe. Kondo, Mzaramo aliyehamia huko na cherehani yake, kipawa chake kilikuwa ulimi: angeweza kumchokoza maiti akainuka kumjibu. Na Tusajigwe, binti wa Kinyakyusa aliyekuwa mpiga picha za eksirei katika hospitali ya mji, kipawa chake kilikuwa subira. Hata mtoto mtundu alitulia mbele ya mashine yake.

Tena alikuwapo Nyamizi, msusi, mjane anayekula kwa mikono yake. Mikono yenyewe haikujua kukaa. Akikosa kichwa cha kusuka, husuka ukindu. Akikosa ukindu, husokota pindo la khanga. Siku moja alikuwa juu ya baiskeli akiwahi kumsuka bibi harusi, mbuzi akakatiza njia. Mbuzi alipona. Nyamizi aliangukia kiwiko cha kulia, kikavimba kama papai, mkono ukagoma kukunjika na kunyooka, na vidole viwili vya mwisho vikafa ganzi.

Msidhani alilala. Aliingia ndani, akatoka uani, akaingia tena. Alishika kitana, kikamponyoka, akakiokota kwa mkono wa kushoto, akakijaribu tena kwa wa kulia. Aliogopa, wala hakuificha hofu yake. Msusi asiye na mkono wa kulia atakula wapi?

Majirani wakamwita Mzee Mihambo. Wakajaa uani, wakamkamata Nyamizi mabega, wakamwambia mzee avute kiungo kirudi. Nyamizi mwenyewe alimsihi avute, yaishe. Mzee akapapasa kiwiko, akafika upande wa ndani. Kisha akaondoa mikono.

"Mwanangu, hapa vidole vyangu havioni," akasema. "Nikivuta, naweza kukukata mshipa. Nenda ukapigwe picha."

Kusema hivyo mbele za watu si jambo dogo kwa mtu aliyejengewa jina na vidole vyake. Watu waliguna. Tangu siku hiyo wagonjwa wake wakaanza kupungua, mji ukinong'ona kuwa mzee kaishiwa.

Nyamizi naye hakwenda. Alikuwa amesikia kwamba hospitali unaingia na mikono miwili unatoka na mmoja, akaamini, maana mwenye hofu huamini lolote. Akajifungia chumbani, akawa anazunguka kama kuku atafutaye pa kutagia. Akiulizwa, anasema kesho. Kesho ikija, anasema kesho. Ndugu walibembeleza mpaka wakachoka.

Ndipo akaja Kondo. Mnajua Mnyamwezi na Mzaramo ni watani, na mtani hafukuzwi matangani. Kondo alitandika mkeka mbele ya mlango wa Nyamizi, akajifunga khanga kichwani, akaanza kuulilia ule mkono. Wapita njia aliwapokea kama wafiwa. Akasimulia sifa za marehemu: vichwa vyote alivyovipendeza, na mjane aliyemwacha, yaani mkono wa kushoto, asiyejua kazi yoyote. Akauliza kwa sauti kaburi lichimbwe wapi, na bangili za marehemu azirithi nani. Watu walicheka wakashika mbavu. Kule ndani Nyamizi akacheka kidogo, halafu akalia, halafu hasira zikampanda, akafungua mlango.

"Mtumwa wangu wewe, mkono wangu haujafa."

"Kama haujafa, kaupige picha tuione," akajibu Kondo. "La sivyo, mimi nazika."

Nyamizi akaenda. Alimtukana Kondo njia nzima, na Kondo akafuata nyuma na mkeka wake kwapani, kilio hajakikatisha.

Sasa mashine ya eksirei haimtaki mtu wa kutapatapa. Picha ya kwanza ilitoka na ukungu, kwa kuwa Nyamizi alitetemeka. Ya pili ilitoka safi, lakini haikuonyesha kitu. Nje foleni ilikuwa ndefu na watu wameanza kugonga mlango. Mwingine angemwambia aende zake nyumbani. Tusajigwe aliviangalia vile vidole viwili vyenye ganzi, moyo wake ukakataa. Akavuta kiti, akaketi mbele yake, akamuuliza, "Mama, kichwa changu hiki ungekisuka vipi?"

Nyamizi akakitazama. Akaanza kumweleza mistari ianzie wapi, igeukie wapi, na pale juu ya sikio ibanwe kiasi gani isimuumize. Alipokuwa akieleza, mkono ukatulia mezani wenyewe. Tusajigwe akaugeuza kiubavu taratibu, akapiga picha ya tatu.

Hapo kikaonekana. Kipande cha mfupa kilikuwa kimebanduka na kujichomeka ndani ya kiungo, kando kabisa ya mshipa. Kiungo kingevutwa, mshipa ungekatika. Kingeachwa, vidole vingekauka. Madaktari wakampasua, wakakirudisha kipande mahali pake, mkono ukapona.

Siku Nyamizi alipomaliza kusuka kichwa cha kwanza, alichinja jogoo akawaalika wote watatu, na majirani wakaja bila kualikwa, kama ilivyo kawaida yao. Jogoo ana mapaja mawili na mabawa mawili, lakini firigisi ni moja. Nanyi mmelelewa, mnajua kwamba firigisi hapewi mwenye njaa, hupewa mwenye heshima yake. Msiniambie aikate. Firigisi iliyokatwa vipande vitatu ni nyama tu, na Nyamizi atakuwa hajamshukuru mtu.

Amesimama mlangoni pa jiko. Ameitia bakuli la kwanza, akaitoa, akaitia la pili, akaitoa.

Mzee Mihambo ameketi mbele ya walewale waliomgunia. Akipewa yeye, jina lake litarudi leo hii. Akinyimwa, wataondoka na uhakika kwamba mikono yake imekwisha.

Tusajigwe amehamishiwa mbali, kesho anapanda treni, na tangu afike mji huu hajawahi kuitwa kula kwa mtu. Ila wazee wa hapa hawajapata kuona mwanamke akila firigisi, nao wamekwisha kuanza kukohoa.

Na Kondo? Kondo angeweza kuinyakua sufuriani, mtani hakatazwi. Lakini leo ameweka mikono magotini. Wakati Nyamizi akipasuliwa alikaa nje ya hospitali hakumtania mtu, hata chai alikataa. Nyamizi alipopita karibu yake, Kondo alimwambia polepole, "Leo sichukui. Leo nipewe."

Mmoja alikataa kuvuta, mmoja alimtoa ndani, mmoja hakuridhika na picha mbili. Ukimwondoa yeyote kati yao, mkono haupo. Na yeyote utakayempa, wawili wataondoka wameumia, na watu wote wanatazama.

Je, wewe ungeamua vipi? Sema upesi, ugali unapoa, na Nyamizi ameishika upawani kwa mkono uleule waliompa.