Treni ya Siwatu

Hapo zamani, zamani za king'ora cha kiwanda cha mkonge, paliondokea mwanamke jina lake Bi Mwantumu. Watoto wa mji ule walitoka shule adhuhuri. Wazazi wao walitoka kiwandani jua likizama. Katikati ya hapo watoto walizurura njiani. Ndipo Bi Mwantumu alipowafungulia ua wake. Akawawekea uji, maji na vigoda, na sharti moja: mchezo ni wa watoto. Yeye hachagui, hasahihishi, haingilii, ila aone damu au moto.

Na watoto wakacheza! Wakawa mahakimu, wakawa mbuzi, wakawa maharusi. Wazazi wakamshukuru.

Kisha Mashavu, mke wa Semkiwa, akafa kwa uzazi, yeye na kichanga chake. Siku ya maziko Semkiwa alimpeleka binti yake Siwatu, mtoto wa miaka sita, kwa ndugu kijiji cha pili. Alipomrudisha alimwambia, "Mama amekwenda Tanga kwa shangazi yako. Atarudi." Halafu akapita mlango kwa mlango akiwasihi watu wazima: "Msimwambie mwanangu. Nitamwambia mwenyewe, akipata nguvu za kulibeba jambo hili."

Bi Mwantumu naye akaahidi. "Hatalisikia kinywani mwangu, mwanangu."

Tangu hapo Siwatu alichagua mchezo mmoja tu. Vigoda vilipangwa mstari, vikawa treni ya Tanga, na abiria wote walikuwa wanakwenda kumchukua mama. Dereva alikuwa Hoza, mtoto wa jirani, aliyemzidi Siwatu miaka mitatu. Hoza alikuwa amelifuata jeneza hadi kaburini. Hakuna aliyekumbuka kumsihi yeye, maana alikuwa mtoto.

Kila siku treni iliondoka, na kila siku Hoza aliiharibu njiani. Leo reli imekatika. Kesho kuni zimekwisha. Keshokutwa ng'ombe wamelala relini, hawaondoki hata wapigwe. Tanga haikufikiwa. Bi Mwantumu, akichambua mchele barazani, alielewa. Akamwonea huruma Hoza. Akaendelea kuchambua.

Siku moja Siwatu akasema, "Leo dereva ni mimi."

Zamu ni zamu. Hoza akashuka. Treni ikaenda, ikavuka daraja, ikavuka daraja jingine, ikafika.

"Tanga! Shukeni!" Siwatu alipaza sauti huku anacheka. "Haya, nani mama?"

Abiria wakatazamana.

"Nani mama? Hoza, kuwa wewe."

"Sitaki."

"Kwa nini hutaki?"

Hoza akageuka, akamtazama Bi Mwantumu. Macho yale yalikuwa yanaomba. Bi Mwantumu angeweza kuita, "Njooni uji!" na mchezo ungekatika hapohapo. Midomo ilimfunguka. Akalikumbuka sharti lake, akaikumbuka ahadi yake, akainamia ungo wake wa mchele.

"Mchezo ni wenu, baba," akasema.

Hoza akaangua kilio. "Mama yako hayuko Tanga! Yuko makaburini, nyuma ya kisima. Nilimwona akifukiwa!"

Siwatu hakulia. Alirudi kwenye kigoda cha dereva, akaketi. "Pandeni," alisema. "Turudi."

Hakuna aliyepanda.

Tangu siku ile hakucheza tena. Hakusema na baba yake, hakusema na Hoza, hakusema na Bi Mwantumu. Hoza alichapwa na babake hadi mgongo ukavimba. Wazazi wakawaondoa watoto uani, wakawafungia vyumbani mpaka jioni. Ua ukabaki wa kuku.

Wanawake wa kiwandani wakaitisha kikao.

Semkiwa akasema, "Nilimficha kwa mapenzi. Mtoto wa miaka sita utamwambiaje? Lakini pale uani mtu mzima alikuwa mmoja. Neno moja lake lingetosha."

Bi Mwantumu akasema, "Ulinifunga mdomo, Semkiwa, leo wanilaumu kwa kunyamaza? Watoto niliwaahidi kwamba mchezo ni wao. Ningeuvunja ili kuulinda uongo wako? Na huyu Hoza ndiye aliyetamka."

Hoza alisimama kwa shida. "Niliiharibu treni kila siku," akasema. "Nilichoka. Nikamtazama bibi anisaidie. Bibi akatazama mchele."

Neno lile lilimchoma Bi Mwantumu.

Wakamuuliza Siwatu, "Na wewe mama, nani kakukosea?"

Aliwatazama wote, mmoja mmoja, hata watoto wenzake waliokuwa mlangoni. "Wote mlijua," akasema. "Hata abiria."

Akatoka. Kikao kikavunjika bila hukumu.

Haya, mliokaa kunisikiliza, hukumu imewaangukia ninyi. Yuko Semkiwa aliyeficha, yuko Bi Mwantumu aliyenyamaza, yuko Hoza aliyesema. Je, nani aliyemkosea Siwatu zaidi?