Jina Moja la Pampu ya Lukwasi

Sogeeni, na hilo jagi la maji lipitishwe, kila mtu anywe kwanza. Mwenye mdomo mwepesi aufunge. Nawajua nyinyi: hadithi haijafika katikati, mtu ameshanyoosha kidole kutoa hukumu. Leo hukumu mtaitoa mwisho, na mtaitoa kwa taabu.

Mji wa Lukwasi ulikuwa na watumishi watatu wa maji. Mzee Desideri alikuwa na mkono. Injini ya pampu ilikuwa kuukuu, inamgomea kila mtu, lakini akiishika yeye inatulia. Mama Sapiensia alikuwa na pua. Ndiye aliyetia dawa tangini, na akinusa maji ya mto anajua yameharibika kiasi gani. Siku, binti wa Mapunda, aliyeajiriwa baada ya wenzake, alikuwa na sikio. Anasimamisha nondo ardhini, anategesha sikio kwenye ncha, anasikia bomba linavuja wapi huko chini.

Msimamizi wao, Mhandisi Kapinga, alipigiwa simu mwanzoni mwa mwezi kutoka makao makuu. Serikali inabana matumizi. Fungu la mishahara limekatwa, na pampu ya Lukwasi itabaki na mtumishi mmoja.

"Mwisho wa mwezi nitakupigia unitajie jina," sauti ya mkubwa wa huko ikasema. "Usipotaja, nafuta nafasi zote tatu."

Kapinga aliwaambia wote kwa pamoja, maana hakuwa na roho ya kumnong'oneza mmoja mmoja. Watu waliokuwa wakila sahani moja wakaanza kununiana. Desideri alisema kwa umri wake hakuna atakayemwajiri tena. Mama Sapiensia akamkumbusha kwamba yeye ni mjane na watoto wote wako shuleni. Siku akauliza, "Kwa hiyo kosa langu mimi ni kuja mwisho?"

Wakiwa katika hali hiyo, ikaja habari kwamba kipindupindu kimeingia kijiji cha upande wa juu wa mto. Asubuhi hiyohiyo choo cha sokoni kikafurika, uchafu ukajaa mtaroni. Na geji ya pampu, inayopima msukumo wa maji, ikaanza kushuka. Bomba limepasuka, na hakuna ajuaye ni wapi.

Sasa nisikilizeni vizuri. Bomba lililopasuka, maji yakiwa yanasukumwa, linatema. Pampu ikizimika, linafyonza. Lingefyonza ule uchafu wa mtaroni na kuupeleka kwenye kila nyumba, kwako na kwa mtoto wako.

Injini nayo ikachagua saa hiyo kukatika springi ya mafuta. Springi mpya iliombwa siku nyingi, jibu likawa fungu hakuna. Desideri akapenyeza mkono ndani, akaishikilia kwa vidole fimbo ya mafuta iliyokuwa ikivutwa na springi hiyo, jirani kabisa na bomba la moshi. Ngozi ikaanza kuungua.

"Toa mkono, mzee wangu, tuizime kidogo," Kapinga akamsihi.

"Ukiizima, tafuta na wachimba makaburi," Desideri akasema. Mkono hakuutoa mpaka geji ilipopanda.

Mama Sapiensia kwenye pipa la dawa alikuta vumbi, kwa sababu dawa pia haikununuliwa. Akaenda mbio hotelini, kule kwenye bwawa la kuogelea, akambembeleza meneja mpaka akapewa ya kwao, unga ndani ya mfuko usio na maandishi. Dawa ikiwa ndogo, vijidudu vinabaki. Ikizidi, inaunguza matumbo ya watu. Akatia, akakoroga, akanusa, akatia tena. Pua ikamwambia imetosha. Kwamba haijazidi, hilo hakuwa na hakika nalo.

"Nikianguka, fungeni koki," akawaambia waliokuwepo, akachota kikombe akanywa chote. Kisha akakaa kwenye ngazi za tangi, ameshika tumbo, anaogopa waziwazi.

Siku alikuwa sokoni na nondo yake, lakini mashine ya kusaga ya Bwana Hyera ilikuwa ikinguruma, hasikii kitu.

"Baba, naomba uizime kidogo tu," akasema.

"Wateja wangu utawasagia wewe? Wewe ambaye kazi yenyewe wanakunyang'anya?"

Watu wakacheka. Siku akaingia mtaroni, ndani ya uchafu uleule, akalala kifudifudi. Sikio moja kwenye nondo, jingine kaliziba kwa kiganja. Akasikia. Akachimba kwa mikono, akalifunga bomba kwa tyubu ya baiskeli, na waliokuwa wakicheka wakamletea maji na sabuni.

Kijiji cha juu kilizika watu. Lukwasi haikuzika mtu.

Mwisho wa mwezi simu ikalia. Kapinga akaiweka mezani, sauti wazi, wale watatu wamesimama mbele yake. Akamsimulia mkubwa yote, akamwomba wabaki wote watatu.

"Hongereni sana," mkubwa akasema. "Springi hamkuwa nayo, mmeweza. Dawa hamkuwa nayo, mmeweza. Na kwa mtumishi mmoja mtaweza. Nipe jina."

Kapinga akawageukia. "Atakayebaki, ataweza peke yake?"

Desideri, mkono umefungwa bandeji, akasema, "Maji nitayasukuma. Yakiwa na ugonjwa nitayasukuma hivyohivyo, nitajuaje?"

"Mimi nipeni maji, nitayasafisha," Mama Sapiensia akasema. "Lakini nani atanipa?"

Siku akasogea karibu na simu. "Mimi siwezi yote. Ila sitajifanya siitaki kazi. Naitaka."

"Hata mimi naitaka," Desideri akasema.

"Na mimi," Mama Sapiensia akasema, machozi yakimtoka.

"Mhandisi, nangoja jina," simu ikasema.

Kapinga akafungua mdomo, na mimi namwacha hapohapo, mdomo wazi.

Sasa semeni. Bila mkono, uchafu ungeingia mabombani. Bila pua, mto wenyewe ungewaua. Bila sikio, mkono ungeungua bure na tangi lingekauka. Msiniambie wabaki wote, maana Kapinga alishalisema hilo na mmesikia alivyojibiwa. Wala msininyamazie, kwa sababu ukinyamaza zinafutwa zote tatu.

Naona jagi limerudi tupu. Mmekunywa wote, na hakuna hata mmoja aliyeuliza maji haya yamepita mikononi mwa nani. Haya, wewe uliyekunywa mwisho, naanza na wewe. Simu iko wazi. Unamtaja nani?