Kipa Aliyesamehewa Redioni

Leo siwaletei mkulima, wapendwa. Kila Jumapili mkulima, mkulima, na wengi wenu humu jembe mlilishika mara ya mwisho mkiwa darasa la tano. Leo nawaletea beki. Na nyinyi vijana wa kwaya mliokuwa mnachungulia simu, naona sasa mmeinua vichwa. Vizuri.

Kulikuwa na beki mmoja wa kati, nahodha wa timu iliyopendwa na mji mzima. Ikafika fainali, dakika ya themanini na tisa, hakuna aliyefunga, na wapinzani wakapata kona. Nahodha akamwambia golikipa wake, "Kipa wangu, toka ukaupangue huo mpira. Nyuma nipo mimi, nakaa kwenye mstari." Kipa akamwamini. Kona ikapigwa, kipa akatoka. Lakini nahodha, kwa kutaka aonekane yeye ndiye aliyeupiga kichwa, naye akatoka. Mpira ukawapita wote wawili, ukadunda mara moja, ukaingia kwenye goli lisilo na mtu.

Mnajua mashabiki wetu. Sisi hatufungwi, sisi huwa tunauzwa. Filimbi ya mwisho haijalia, jukwaa zima linapiga kelele: kipa kauza mechi! Kipa akajitetea kwamba aliambiwa atoke, wakamzomea zaidi, eti sasa anamsingizia nahodha. Waandishi wakamfuata nahodha: "Kipa alitokaje vile?" Akajibu, "Muulizeni mwenyewe." Maneno mawili. Hapo hakusema uongo hata kidogo, mnaona?

Kipa akafukuzwa. Bati la nyumba yake likapigwa mawe mpaka likatoboka. Akaishia kufanya kazi kwenye mashine ya kusaga, na hata pale wateja walimkejeli: "Pima vizuri, usije ukatuuza na sisi."

Nahodha naye, miguu ilipochoka, akapata kazi redioni. Sauti alikuwa nayo. Kila Jumamosi, saa nne mpaka saa sita, kipindi chake kiliitwa Bila Kuficha. Kazi yake ilikuwa kueleza makosa ya wachezaji: huyu mzembe, yule hana nidhamu, huyu arudishwe kwao. Mji ukampenda kuliko alipokuwa anacheza. Miaka kumi na minne mtu huyu aliongea saa mbili kila wiki, na sentensi moja tu ilikuwa haitoki. Niambieni, kitu gani kinaweza kukaa kooni mwa mtu miaka yote hiyo bila kumpalia? Kinakaa, jamani. Tunakizoea, na chakula kinapita pembeni yake.

Basi binti wa kipa akapata mchumba. Mshenga akaleta barua ya posa. Baada ya wiki mbili akarudi kuichukua. Baba wa kijana ni mwanachama wa ile timu tangu ujana wake, na alisema mwanawe hawezi kuoa kwenye nyumba ya mtu aliyeuza fainali.

Kipa hakuwahi kumwomba nahodha kitu. Siku hiyo akampigia simu.

"Nahodha, sidai maisha yangu, yangu yameshapita. Ila huyu mtoto anaumia. Sema tu kwenye kipindi chako kwamba wewe ndiye uliyeniambia nitoke."

Nahodha akamjibu, "Umeteseka sana, kaka. Jumamosi hii nitasema. Nakuahidi."

Na alikusudia kusema! Hilo ndilo linalonichoma roho. Angekuwa tapeli tu, ningemwacha na utapeli wake. Alikusudia.

Kipa akaalika watu. Akamwita mshenga, akamwita baba wa kijana, akawaambia njooni msikie kwa masikio yenu. Mkewe akapika pilau la kuku. Redio ikawekwa mezani, binti akakaa karibu na mlango. Kipindi kikaanza. Nahodha akaongea habari za ligi, akaongea habari za waamuzi, akapokea simu za wasikilizaji. Saa tano ikapita. Saa tano na nusu ikapita. Kila aliposema "na sasa," kipa alikaa sawasawa kwenye kiti.

Dakika za mwisho, mtangazaji mwenzake akamchokoza: "Mzee, enzi zako ulikuwa ukuta. Hivi wewe uliwahi kukosea kweli?"

Jamani! Mungu akufungulie mlango namna gani tena? Nahodha akavuta pumzi. Akauwaza mji mzima unaomsikiliza. Kisha akasema kwa ile sauti yake nzito:

"Ndugu wasikilizaji, leo nataka kumtaja golikipa wetu wa ile fainali. Ametukanwa sana. Mimi nahodha wake nasema, sote ni binadamu. Mimi nimemsamehe. Nawaomba na nyinyi mumsamehe."

Wakapiga muziki.

Kule nyumbani, baba wa kijana akaweka sahani yake chini. Hakuwa na hasira, alikuwa na huzuni tu. "Mzee mwenzangu, ulituambia hukufanya. Sasa mtu asiye na kosa anasamehewa nini?" Akachukua kofia yake, mshenga akamfuata. Binti akaanza kukusanya sahani.

Saa nane mchana nahodha akapiga simu, akapokea mke wa kipa. "Shemeji! Amenisikia? Leo nimemsafisha. Simu zimefurika huku, watu wanalia, wanasema nina moyo wa ajabu."

"Amekusikia, shemeji," mama akasema. "Sote tumekusikia."

Nawaona mnatikisa vichwa. Msimtikisie kichwa mtu wa redio. Sisi je? Mama, ulikikuta kile kitenge kwenye begi lako mwenyewe, baada ya kumwita dada wa kazi mwizi. Ulimwambiaje? "Basi, yameisha, nimekusamehe." Baba, ulisimama kwenye kikao cha ukoo ukamsamehe mdogo wako kwa ugomvi ulioanzisha wewe, na wazee wakakupigia makofi. Neno hilo, likitoka kwa mkosaji kwenda kwa aliyekosewa, ni kofi, hata ukilisema kwa machozi. Tunalipenda kwa sababu ni rahisi. "Nisamehe" inatushusha. "Nimekusamehe" inatupandisha.

Na sisi wa usharika huu. Mwaka juzi kwaya yetu ilikosa tamasha la jimbo kwa sababu mwalimu wa kwaya hakutokea. Mnakumbuka tulivyomsema. Mnakumbuka pia tulivyomwita hapa mbele, tukamwekea mikono, tukamsamehe, na mkaimba pambio. Yale maombi niliyaongoza mimi. Tarehe ya tamasha alipewa na mtu, na mtu huyo aliikosea. Ni mimi.

Nimeangalia ule mlango tangu nianze kuhubiri. Nilimtumia ujumbe jana kwamba aje leo. Hajaja, na simlaumu.

Ibada ikiisha naenda kwake. Sijui kama atanifungulia. Mtu asinisindikize. Kila mmoja wenu anaye wa kwake. Nendeni kwake.