Kinyago cha Filamu ya Pili

Chumba cha Fundi kilikuwa nyuma ya ghala lililogeuzwa studio, na kilinuka gundi na mpira. Rafuni vilipangwa vichwa vya plasta, kila kimoja nakala ya kichwa cha mwigizaji, vimefumba macho na midomo kama watu waliochoka kusikiliza porojo. Fundi alikuwa mwanamke aliyejifunza kazi peke yake, kwa kuharibu na kurudia. Kipimo chake kilikuwa kimoja: kinyago kikikaa sawasawa juu ya kichwa cha plasta, kazi imekwisha.

Katika filamu ya kwanza alitengeneza uso wa maiti anayetoka kaburini, kwa magazeti na gundi. Ulitisha, lakini watazamaji wenye macho makali waliona mboni za mtu hai zikicheza ndani, wakacheka. Kwa filamu ya pili Fundi aliapa hawatacheka tena. Alitumia mpira mzito, akayapunguza matundu ya macho yakabaki kama ya vifungo vya shati, akafunika na masikio. Uso ukatoka wa kutisha, hata yeye mwenyewe aliugeuzia ukutani wakati wa kula.

Aliyeuvaa alikuwa mume wa dada yake. Kazini wote walimwita Marehemu, na filamu ya kwanza ilikuwa imempa sifa nyingi. Safari hii mambo yalimwendea kombo. Akiambiwa akimbie, alijikwaa kwenye nyaya. Akiitwa, hakuitika. Kila baada ya dakika chache aliinua mkono akiomba avuliwe.

"Shemeji, humu ndani kuna moto," alimwambia Fundi, akihema.

"Mbona kichwa chako cha plasta hakilalamiki?"

"Hicho hakijapata kukimbia."

Mpiga picha akadakia, "Maiti gani huyu anayeomba maji kila saa? Tumzike upya." Wengine walinong'ona kwamba sifa zimemvimbisha kichwa, na Fundi, pole pole, akaanza kuamini.

Siku ya nne Mwongozaji aliingia chumbani kwa Fundi, akafunga mlango. "Dada, nimevumilia vya kutosha. Kosa ni la kinyago au la mtu? Kama ni la mtu, nafasi yake nampa mwingine."

Fundi alijua jinsi shemeji yake alivyoipenda kazi ile. Alijua pia kwamba akimtetea, watasema anambeba kwa sababu ni wa kwao. "Kinyago hakina kasoro," alisema. "Nimekipima mwenyewe."

Asubuhi iliyofuata, kabla Marehemu hajafika, Mpiga picha alitaka kupanga taa za sehemu ya kukimbizana. Alihitaji mtu wa kimo cha Marehemu apite amevaa kinyago. "Vaa wewe, Fundi. Mara moja tu."

Fundi alivaa akitabasamu. Taa zikawashwa. Pumzi yake ikamrudia usoni, ya moto na yenye harufu ya gundi. Alipoinamisha kidevu, mpira ukapanda na matundu ya macho yakahama, akabaki gizani. Jasho likamchoma macho, na hakuwa na pa kupitisha kidole. Hatua ya tano goti lake likagonga sanduku. Alisubiri aambiwe asimame. Hakusikia kitu.

Alipokivua, Mpiga picha alikuwa amesimama mbele yake. "Nimekuita mara tatu. Na wewe umeshavimba kichwa?"

Fundi aliketi juu ya sanduku, kinyago mapajani. Jana alikuwa amemhukumu mtu, na shahidi wake alikuwa plasta: kitu kisichopumua, kisichotoka jasho, kisichoitwa na mtu. Aliinuka, akamwendea Mwongozaji mbele ya watu.

"Niliyokwambia jana si kweli. Kosa ni langu."

"Una hakika, au dada yako amekupigia simu?"

"Kivae, kisha ukimbie mpaka mlangoni."

Mwongozaji alikitazama, hakukigusa. "Una asubuhi hii tu," alisema. "Kirekebishe."

Marehemu alipofika alimkuta na mkasi mkononi. "Kaa, shemeji. Leo usifumbe macho. Piga kelele, tazama chini, kimbia hadi ukutani urudi." Kila mpira ulipombana, Fundi alitia alama ya chaki. Alitoboa puani na masikioni, akayafunika matundu ya masikio kwa nywele za bandia. Akapanua macho, akayaziba kwa kitambaa cheusi chepesi.

"Nisamehe," alisema akikata. "Nilimwambia Mwongozaji kinyago hakina kasoro."

Marehemu aliinua macho. "Basi ulimwambia kasoro ni mimi."

"Ndivyo."

Marehemu alikichukua kinyago, akakigeuzageuza, akakivaa. "Nifunge huku nyuma," alisema.

Mchana ule alikimbia hadi mwisho bila kujikwaa, na alipopiga ukelele, Mpiga picha mwenyewe alirudi nyuma hatua mbili.

Tangu hapo hakuna kinyago kilichotoka chumbani mle kabla Fundi hajakivaa na kukimbia nacho hadi mlangoni na kurudi. Wanaomwona humcheka. Yeye hukivua, akapangusa jasho, akawajibu kwa upole kwamba adhabu ya kaburi aijuaye ni maiti.