Punje ya Pembeni

Nani kati yenu amewahi kuionea huruma punje ya haragwe? Msinitazame hivyo. Kulikuwa na mama mmoja, mwenyekiti wa jumuiya, yeye aliionea.

Mama huyu alikuwa na kijana mwenye degree ya kompyuta, na kazi hana. Kutwa yuko kwenye laptop, anatazama miraba midogo ikiwaka na kuzimika.

"Wenzako wanahangaika huko nje, wewe unaangalia madoa," mama akamwambia, huku akichambua maharage.

Kijana akachota maharage, akayapanga kwenye kitambaa cha meza cha mirabaraba, punje moja kila mraba.

"Madoa yenyewe ndiyo haya. Hawa ni watu, mama. Very simple. Mwenye majirani wawili au watatu anaishi. Wakizidi, anakufa kwa kubanwa. Akiwa na mmoja, au hana kabisa, anakufa kwa upweke. Na mraba mtupu ukizungukwa na watatu kamili, anazaliwa mtu."

Akaondoa hapa, akaongeza pale. Katikati ya kitambaa kukachangamka kama gulioni. Pembeni kulikuwa na punje moja peke yake. Akainyanyua, akaitupa kwenye makapi.

"Huyo kakosa nini?"

"Hajakosa kitu. Hana watu."

"Nani kamuua?"

"Hakuna, mama. Ni kanuni tu."

"Kanuni haina mikono. Mkono niliouona mimi ni wako."

Kijana akauliza, "Na yule jamaa aliyepanga nyuma ya ukuta wetu? Sala ya jumuiya inazunguka nyumba hadi nyumba. Mbona kwake hamjawahi kuingia?"

"Ana godoro tu yule. Watu watakaa wapi? Asiye na viti tunamruka. Utaratibu ndio huo, wala sikuutunga mimi."

"Lini umemwona mara ya mwisho?"

Mama akaacha kuchambua.

Wakaenda. Mlango umefungwa kwa ndani, ukavunjwa. Alikuwa kwenye godoro lake, chupa ya maji tupu kando, mwili umeshapoa. Malaria, watu wakasema. Malaria, jamani. Ugonjwa wa vidonge, kama angekuwepo mtu wa kutumwa duka la dawa.

Na msibani, by the way, viti vilijaa hadi barabarani. Jumuiya ilikodi.

Sasa sisi. Tunajua sana kusema ni system, ni hali ya maisha, ndivyo tulivyokuta. Maharage tunayahurumia, mtu wa nyuma ya ukuta tunamruka kila wiki, halafu tunakwenda kumlilia tukiwa tumekaa. Mwenye sebule anatembelewa na wenye sebule. Huyo aliye peke yake ni kanuni gani iliyomtupa, kama si mikono yetu hii hii tunayoiinua hapa kanisani?

Wenyeviti wa jumuiya, mmekaa mbele hapo, nawaona. Wiki hii sala iende kwenye chumba kisicho na kiti hata kimoja. Tutasimama, miguu tunayo. Msiniambie mtakaa kikao. Simameni sasa, kabla ya baraka, kila mmoja ataje mlango atakaoanza kuugonga.