Nani Aitwe Asagiri

Kaeni vizuri, na mwenye jibu la haraka alimeze kwanza. Hadithi hii imeshagombanisha watu wazima wenye akili zao timamu, na mimi sitaki ugomvi kabla sijamaliza.

Katika mji wa Kuranami, huko Japani, palikuwa na jumba la kabuki. Kabuki ni mchezo wa kuigiza wa Wajapani: watu huimba, hupiga ngoma na hucheza, nyuso zimepakwa rangi nyeupe, na hata nafasi za wanawake huigizwa na wanaume. Ukiona binti mrembo jukwaani, ujue nyumbani kwake anaitwa Baba Fulani.

Mchezaji mkubwa wa kabuki hafi na jina lake. Jina hurithiwa, kama wengine wanavyorithi shamba. Watazamaji wakikunwa na mchezo, huliita kwa sauti kutoka viti vya nyuma, na hiyo ndiyo heshima kubwa kuliko zote. Likikosa mrithi, nyumba imefungwa.

Jina tunalolizungumzia ni Asagiri. Mzee Asagiri alikwisha kuzikwa, hakuacha mtoto, na jina likabaki mikononi mwa mjane wake, Bi Orie. Kila siku ya mchezo mama huyu alikaa nyuma kabisa, karibu na mlango, akisalimia wageni. Tangu mumewe afe hakusikia mtu akiliita jina lile. Kifo alikwisha kukizoea, lakini kukaa pale kimya na kusikia majina ya wengine yakiitwa kulimuuma vibaya sana.

Bwana Kanbei, mwenye jumba, alimwambia, "Mama, nisamehe. Msimu mpya ukifunguliwa, mtaje mrithi mbele ya watu. Usipomtaja, kibao cha Asagiri nakishusha mlangoni."

Mume alikuwa amemwachia neno moja: "Atakayemleta korongo, mpe jina." Korongo ilikuwa ngoma yake. Mwanamke aliyevaa kimono, lile joho refu la Kijapani, ya kijivu anatembea polepole, anageuka, na papo hapo ile kijivu inadondoka, naye ni ndege mweupe. Mzee alipoicheza, watu walisahau mvi zake na kiuno chake kibovu. Walimwona ndege.

Wanafunzi walikuwa watatu.

Kikuji alijaliwa mwili. Akishika kikombe cha chai, unajikuta unakitazama kikombe. Yeye ndiye aliyecheza nafasi za wanawake baada ya mzee, na wanawake wenyewe walikuja kujifunza kutembea kwake.

Umezo alijaliwa mikono. Huyu alikuwa mtu wa nguo nyeusi. Katika kabuki msaidizi huvaa nyeusi tangu kichwani hadi miguuni, uso umefunikwa, akaingia jukwaani mchana kweupe kupokea kipepeo cha kujipepea au kuvuta nyuzi za nguo, na watazamaji wamekubaliana kwamba hayupo. Akipita mbele ya pua yako, hujamwona. Kimono ya korongo alikuwa akiishona yeye, kijivu juu ya nyeupe, kwa nyuzi zinazoachia kwa mvuto mmoja.

Na Heisuke alijaliwa masikio. Alipiga magoti pembeni mwa jukwaa, ana vipande viwili vya mbao na ubao chini yake. Mchezaji akikimbia, mshindo wa miguu unaousikia ni wa Heisuke. Moyo wako ukienda mbio, Heisuke ameutuma.

Ikafika siku ya kuicheza Korongo, siku ya mwisho ya msimu. Jumba lilifurika. Kikuji akatokea kwa nyuma, akaanza kupita kwenye njia ya mbao inayokatiza katikati ya watazamaji. Hajafika jukwaani, goti likamteguka, akaanguka kifudifudi kisha akabiringika chali. Mtu mmoja akacheka. Wakafuata wengine. Bi Orie akajisemea, basi, imekwisha.

Mwingine angejikokota arudi nyuma ya pazia. Kikuji alibaki. Hakukunja uso. Akaketi, akainua shingo taratibu, akakunjua mkono mmoja kama bawa lililovunjika, kisha wa pili. Korongo wa mzee hakuwahi kuanguka. Huyu alimtunga palepale, goti likimwaka moto.

Lakini alikuwa bado kwenye kijivu, na nyuzi za kuvuta ameziketia. Ndipo Umezo akatoka mbio hadi kwenye njia ile, akazikata nyuzi kwa meno. Kazi yake ingeishia hapo. Badala ya kuondoka, akajipenyeza chini ya kitambaa kilichodondoka, akamweka Kikuji mgongoni, akaanza kuinuka kidogo kidogo mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Ndege mweupe akapanda juu bila kukanyaga chini.

Watu walikuwa wangali wanacheka. Heisuke akainua mkono kuwanyamazisha wapiga ngoma na waimbaji, jambo ambalo hana mamlaka nalo hata chembe. Wakanyamaza kwa mshangao tu. Kisha akagonga ubao, taratibu sana, pigo moja la bawa. Akagonga tena. Akaenda akiongeza, na kicheko kikakatika, na vichwa vikainuka vyote pamoja kutazama darini, wakati Kikuji hajasogea hata hatua.

Mtu mmoja muuza tofu, jibini ile ya soya, aliyekuwa kando ya Bi Orie, akasimama akaita, "Asagiri!" Jumba zima likaitika. Bi Orie alilia waziwazi, hakujifuta. Na yeye alikuwa amemwona ndege.

Nyuma ya pazia, jioni hiyo, akawauliza, "Nani alimleta?"

"Mama, waliyemwona ni mimi," alisema Kikuji, amelazwa mkekani. "Na mganga wa mifupa ameshaniambia, sichezi tena. Sina kitu kingine cha kuomba."

Bwana Kanbei akakohoa. "Jina gani litakaa mkekani? Watu wataita nini, mto wako?"

"Bila mgongo wangu, kaka Kikuji angekuwa mtu aliyeanguka, basi," alisema Umezo.

"Wewe ulivaa nyeusi," alijibu Bwana Kanbei. "Hukuwepo. Tukikupa wewe jina, kuanzia kesho watu watawatazama wa nyeusi badala ya mchezo, na hapo kabuki tumeiua sisi wenyewe."

"Ndiyo maana naliomba, bwana. Tangu ujana wangu sipo."



Heisuke alisubiri zamu yake. "Walikuwa wanacheka, Mama. Hao wawili wameshamaliza yote waliyoyasema, na bado watu wanacheka. Mimi ndiye niliyewafanya waone."

"Na kucheza je, unajua?" aliuliza Bi Orie.

"Sijui. Mzee hakusema atakayecheza. Alisema atakayeleta."

Bi Orie akaenda mwenyewe kwa muuza tofu, akamkuta anaosha vyombo vyake. "Tafadhali, ulimwita nani kwa jina lile?"

Muuza tofu akajikuna kichwa. "Mama, nisikudanganye. Sikumwita hata mmoja wao. Nilidhani mzee amerudi."

Bi Orie alirudi nyumbani akitembea polepole, amefurahi na amechanganyikiwa zaidi ya alivyokwenda.

Msimu ukafunguliwa. Wanawake hawapandi jukwaa lile, lakini siku hiyo Bwana Kanbei aliinua pazia na Bi Orie akaonekana amepiga magoti katikati. Kando yake wanafunzi watatu wameinama, vipaji vya nyuso sakafuni, Kikuji amekaa upande kwa sababu ya mguu uliofungwa. Ndiyo desturi: hakuna anayeinuka mpaka atajwe. Nje, ngazi imeshaegemezwa chini ya kibao.

Haya, sasa mezeni mate, mseme. Mkimpa Kikuji, jina limekwenda kwa aliyelilipia kwa goti, na halitachezwa tena. Mkimpa Umezo, mmemtoa gizani mtu mmoja na mmevunja kanuni inayoushikilia mchezo wote. Mkimpa Heisuke, ataitwa Asagiri mtu asiyejua kupiga hatua ya ngoma. Na usiniambie wagawane, nakuona wewe uliyetaka kusema hivyo. Asagiri ni mmoja.

Bi Orie ameshavuta pumzi, na akiisha kusema hawezi kulirudisha neno. Wewe ungekuwa yeye, ungemwambia nani ainue kichwa?